Rupia Tatu za Tajiri Khelefu

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Marijani, Khelefu bin Zahoro, mwenye tumbo lililotangulia kuingia mlangoni, yeye akafuata. Vyumba vya kupanga vilikuwa vyake. Visima vyake. Migahawa yake. Hata nyumba aliyokaa Kadhi ilikuwa yake, na Kadhi alilipa kodi kama mtu mwingine yeyote, tena kwa kutangulia. Mtu akipiga chafya Marijani, mate yaliangukia mali ya Khelefu.

Sasa bwana huyu akajenga ghala la nguo, akataka liezekwe makuti kabla ya masika. Mafundi wa mjini walimkimbia, maana walimjua. Akapeleka mjumbe ng'ambo ya mto, kijiji cha Kijungu, kwa fundi mmoja aitwaye Mshamu Ngwali, mwembamba kama ufito, ulimi wembe.

Mkataba ukasomwa. Siku thelathini, rupia tatu kila siku. Fundi atalala ndani ya mji. Atakula na kunywa vya mjini tu. Akiacha kazi kabla ya siku kutimia, kifungo mwaka mzima.

Kijungu, Mshamu alikuwa akipata nusu rupia kwa siku, siku ikiwa njema. Rupia tatu! Akaona tayari kile kishamba cha minazi alichokuwa akikitamani tangu aoe.

"Mume wangu," mkewe, Bi Mize, akamwuliza, "umeuliza sahani ya wali huko inauzwaje?"

"Mwenye rupia tatu haulizi bei," akajibu Mshamu. Akaweka kidole kwenye mkataba, akafunga kibindoni akiba yao yote, rupia saba, iwe ya kuanzia maisha. Akavuka mto.

Loo! Kijungu muhogo uling'olewa nyuma ya nyumba, maji yalitekwa mtoni, na usingizi haukuwa na bei. Marijani, chumba rupia moja kwa siku. Chakula rupia moja na nusu. Maji, ukinywa, ukioga, ukitawadha, nusu rupia. Na ngazi? Ngazi ilikuwa ya tajiri, nusu rupia nyingine. Kila jioni Mshamu alipokea tatu, akatoa tatu na nusu, na ile nusu aliichomoa kibindoni. Siku ya kumi na nne ikaisha na kibindo kikabaki kitambaa kitupu.

Usiku ule hakulala. Alimkumbuka Bi Mize na swali lake la sahani ya wali, akaona haya hadi masikio yakamwaka. Kulipopambazuka, haya ikageuka hasira. Alikwenda ghalani, akaitazama nusu ya paa iliyokuwa bado wazi, akakaa chini, akakunja mikono.

Khelefu akamkokota mpaka barazani kwa Kadhi. Watu wakajaa. Mawingu nayo yalikuwa yakijaa.

"Mshamu," Kadhi akauliza, "kidole kwenye mkataba huu ni chako?"

"Changu, Shehe. Laiti ningeweka na akili."

"Umesikia, Kadhi!" Khelefu akanguruma. "Amekubali! Mfunge! Nampa rupia tatu kwa siku mtu aliyezoea nusu, na bado anaguna!"

"Kweli, bwana. Lakini ile nusu ilikuwa ikilala kwangu. Hizi tatu zako hupita kunisalimu tu, kisha hurudi kwenu."

Watu wakacheka. Khelefu akavimba. "Kama mji ni ghali, punguza kula!"

"Nimepunguza. Siku hizi nikipanda ngazi, ngazi haijui kama nimepanda."

"Basi laleni wengi chumba kimoja!"

"Tuko wanne, bwana, na kila mmoja analipa kama yuko peke yake. Wanaolala bure ni kunguni, nao naona zamu yao ya kutozwa iko karibu."

Hapo hata Kadhi alikohoa kwenye ncha ya kilemba, akauma midomo. Kisha akauliza, "Tajiri, hesabu hii ni ya kweli? Wampa tatu, na wachukua kwake tatu na nusu?"

Khelefu hakuona aibu. Mtu wa namna ile aibu humpitia mbali. Alijipiga kifua. "Kweli tupu! Ndiyo biashara! Chumba changu, bei yangu. Kisima changu, bei yangu. Nani alimwita?"

"Wewe," akasema Mshamu.

"Kelele! Kadhi, mvua inakuja, na majora yangu ya hariri yako ghalani chini ya mbingu wazi. Mwambie huyu mkia wa mbuzi sheria ya kazi! Mwenye kutoa fedha ndiye tajiri. Mwenye kupokea ni mtumishi. Na mtumishi akiambiwa panda, anapanda, au aende jela!"

Kadhi akachovya kalamu. "Ndivyo unavyotaka niandike?"

"Andika! Na utie muhuri!"

Kadhi akaandika. Akatia muhuri. Akamgeukia Mshamu. "Hukumu ndiyo hiyo. Una neno?"

"Sina, Shehe. Hukumu ya haki, naipokea kwa mikono miwili." Mshamu akasimama, akafungua fundo la kamba za kuezekea lililokuwa kiunoni mwake. "Katika siku kumi na nne bwana huyu amenitolea rupia arobaini na mbili. Mimi nimemtolea arobaini na tisa. Zilizozidi ni zangu, zimetoka Kijungu, na yeye kazipokea."

Ngurumo ikapiga. Tone la kwanza likaanguka barazani. Mshamu akamtupia Khelefu zile kamba juu ya tumbo.

"Kumbe tajiri wako ni mimi. Haya, Khelefu, panda paa!"