Rufaa ya Ngiri

Mwaka huo mvua ilisahau njia. Visima vya mbuga vikakauka kimoja baada ya kingine, kikabaki cha Mwambani peke yake. Wanyama wa Bondeni wakawa wanakunywa siku moja, wa Mlimani siku ya pili, na kila upande ukilalamika kwamba wenzao wanakunywa mno. Simba alipochoshwa na makelele akatoa amri: wacheze mpira, mechi mbili. Watakaoshinda watakunywa kwanza kila asubuhi mpaka mvua zirudi, na walioshindwa watakunywa kitakachobaki. Kitakachobaki kila mmoja alikijua. Ni tope.

Mechi ya kwanza ilikwisha sare ya bao moja kwa moja. Lakini dakika za mwisho Bondeni walipiga kona, kukawa na msukumano golini, na Swala, beki wa Mlimani, akaanguka huku akilia. Paja lake lilikuwa limeng'atwa. Mwamuzi alikuwa Korongo, mwenye shingo ndefu na haraka nyingi. Alitazama ni nani aliyesimama karibu, akamwona Ngiri, mfungaji wa Bondeni, akamtolea kadi nyekundu.

"Mimi nakula majani," Ngiri alisema.

"Nje," alisema Korongo.

Jioni hiyo mashabiki wa Bondeni walikutana uwanjani kujadili kama wakate rufaa. Mama Kanga naye alikuja na vifaranga wake tisa, mmoja amelala mgongoni, wawili wanagombania mdudu. Hakuwa na muda wa mikutano, lakini jambo hili lilimhusu. Sheria ya Simba ilikuwa kwamba rufaa ikitupwa, waliokata rufaa wananyimwa zamu zao mbili za maji. Mkubwa angevumilia. Kifaranga asingefika zamu ya tatu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Fisi, beki wa Bondeni.

"Ndugu zangu," alisema kwa upole, "mpira ni nidhamu. Kadi imetolewa, tuipokee kiungwana. Tusimsumbue mkuu, tukaja kuua watoto wetu kwa kiu. Hebu mtazameni Mama Kanga."

Wote wakamtazama Mama Kanga, naye akawatazama vifaranga wake, na maneno ya Fisi yakamwingia.

"Tangu lini Fisi ana uungwana?" Sungura aliuliza kutoka nyuma.

"Tangu leo asubuhi," Nyani alidakia. "Alipita kwangu akaniamkia. Nimefunga mlango mpaka sasa."

Wakacheka. Nusu wakapiga kelele za rufaa, nusu wakapiga kelele za zamu, na Punda akapiga kelele tu. Walipohesabiwa wakawa sawa kwa sawa. Aliyebaki ni Mama Kanga.

"Mama, amua," Fisi alisema. "Watoto hao, mama."

Mama Kanga alimshusha kifaranga mgongoni. "Nina swali moja. Jumamosi, mechi ya pili, bila Ngiri, nani atatufungia?"

"Mimi nipo," alisema Mzee Kobe.

"Wewe, mzee, ukiondoka leo utafika golini msimu ujao," Nyani alisema, na uwanja mzima ukaangua kicheko, Mzee Kobe mwenyewe akiwa wa kwanza.

"Basi hakuna," alisema Mama Kanga. "Tusipokata rufaa tutafungwa, na watoto wangu watakunywa tope mpaka mvua zirudi. Tukikata, huenda tukakosa zamu mbili, huenda tukashinda. Mimi naenda kwenye huenda. Kateni, tukalale."

Fisi akaketi polepole, kama aliyekalia mwiba.

Siku ya rufaa Simba alikaa juu ya jiwe lake, manyoya ya shingo yamechanwa. Alianza kwa kusema kwamba katika mbuga yake uamuzi mbaya haujawahi kutolewa.

"Ni kweli, mkuu," alisema Sungura, aliyechaguliwa kuwa msemaji. "Hatusemi uamuzi ni mbaya. Tunasema tu kwamba macho ya Korongo si kama macho yako."

Simba akafikiri, akaona ni kweli tupu. "Mlete aliyeng'atwa nimtazame."

Swala akasimama hatua arobaini mbali, akageuza paja.

"Sogea," alisema Simba.

"Hapa panaonekana vizuri, mkuu."

"Nimesema sogea."

"Mkuu, paja hili limeshapata msiba mmoja wiki hii."

Ikabidi Korongo atumwe akatazame. Akarudi akasema ni matundu manne yaliyopangana mstari mmoja.

Kulikuwa na desturi katika rufaa za Simba: kila aliyekuwa karibu na tukio hurudia alichoshukiwa kukifanya, mbele ya wote, na kielelezo huandaliwa na mkata rufaa. Waliokuwa karibu na Swala walikuwa wawili, Ngiri na Fisi. Sungura akatoa vipande vya ngozi ya mpira wa zamani uliopasuka. Vilipopita mbele ya Mama Kanga, akanusa.

"Mbona vinanukia?"

"Nimevipaka uboho kidogo, mama. Ngozi ilikuwa kavu."

Mama Kanga akawafunika vifaranga kwa mabawa.

Ngiri akauma chake. Yakabaki mabonde mawili mapana ya pembe zake na alama za meno butu. Ikaja zamu ya Fisi. Akakipokea kipande, akakigeuza, na mate yakaanza kumtoka pembeni.

"Uma," alisema Simba.

Fisi akauma. Halafu akameza.

"Kielelezo kiko wapi?"

"Nimeuma, mkuu, kama ulivyosema."

"Kiko wapi?"

Fisi akatazama chini, akatazama juu. "Kimepokelewa, mkuu."

Mashabiki wakagalagala. Hata wa Mlimani walishikana wasianguke. Simba akaamuru apewe kingine. Fisi akakitazama, akajiapiza kwa sauti kwamba hiki atakirudisha, akafumba macho, akauma. Nacho kikaenda.

"Kilikuwa kidogo," alinong'ona.

"Mkuu," Sungura alisema, "kimebaki kimoja. Nani katika mbuga hii ana nguvu za kukishika?"

Hakukuwa na haja ya kuuliza mara mbili. Simba akateremka jiweni, akakikanyaga kipande kwa mguu wake mwenyewe. Fisi angeweza kukilamba tu, au kukigusa kwa jino moja, akawa salama. Lakini uboho ulikuwa mbele ya pua yake. Akang'ata, akavuta, akanguruma, akajikaza kwa miguu ya nyuma mpaka vumbi likatimka, na Simba hakusogea.

Walipomwachanisha, ngozi ilikuwa na matundu manne mstari mmoja. Korongo akaipeleka kwa Swala, akaipachika pajani. Yakalingana.

"Lilipita mbele yangu, mkuu," Fisi alisema. "Mara moja tu."

"Mlikuwa mnacheza mpira."

"Mimi nilikuwa nacheza. Meno ndiyo hayakuambiwa."

Kadi ikahamishwa. Jumamosi Ngiri akacheza, na dakika ya themanini akaingia golini yeye, mpira na nyavu zote. Mlimani wakasema ameotea, watakata rufaa. Walipoulizwa ni nani atakayeweka rehani zamu zake mbili, kila mmoja akakumbuka ana kazi nyumbani.

Asubuhi yake Mama Kanga aliwapeleka vifaranga Mwambani. Maji yalikuwa meupe. Wakanywa wote tisa, na mdogo kabisa akatumbukia, akavutwa kwa mkia. Fisi, kwa amri ya Simba, alikunywa wa mwisho baada ya pande zote mbili, tope mpaka puani, naye alikuwa bado anamweleza Punda kwamba kipande kile cha tatu ndicho kilichokuwa kizuri.

Hayo ndiyo yaliyompata Fisi: aliweza kuidanganya nusu ya uwanja kwa kinywa chake, ila hakuweza kukifunga penye harufu ya chakula.