Ubongo wa Pili wa Kompyuta ya Usharika

Hapo zamani, wakati kompyuta moja ilitosha tarafa nzima na ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni, aliishi Usangi, katika milima ya Upare, binti mmoja jina lake Namsifu. Alishona sare za shule. Alikuwa na maneno machache na mkasi mkali. Mchumba wake aliitwa Kiangi, fundi wa mabomba ya maji. Posa ilikuwa imepokelewa, gauni limekatwa, tangazo la kwanza la ndoa limesomwa kanisani bila mtu kukohoa.

Jumapili ya tangazo la pili, Mchungaji aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Akasimama shangazi yake Namsifu, Nakiete, amevaa kilemba cha sikukuu.

"Lipo," alisema. "Hawa ni ndugu. Bibi mzaa baba wa Kiangi na bibi mzaa mama wa Namsifu ni mtu na dada yake. Niliwasikia mwenyewe kisimani wakiitana 'ndugu yangu, mtoto wa mama yangu.' Sasa tuoze ndugu kwa ndugu?"

Namsifu alihisi kama benchi limevutwa chini yake. Kiangi alisimama, akakaa, akasimama tena. Mchungaji akafunga kitabu. "Ndoa imesimama mpaka ukweli ujulikane," akasema.

Ukweli ulikuwepo, ila ulikuwa umefungiwa. Babu yake Namsifu, marehemu Mzee Senzota, alipostaafu ukarani alirudi kijijini na kompyuta, akakaa miaka sita akiandika ndani yake ukoo wote pamoja na wakwe: nani kamzaa nani, mwaka gani, nani kambatiza. Kisha radi ikaiunguza ile kompyuta, na mzee naye akafariki. Zikabaki disketi mbili, moja ya programu na moja ya ukoo, ndani ya kopo la majani ya chai. Kopo lilikuwa kwa Shangazi Nakiete, na siku tatu nzima alikataa kulitoa.

"Shangazi, kama una hakika, unaogopa nini?" Namsifu alimuuliza.

Shangazi alitazama kopo, akatazama dari, akashusha pumzi. "Haya, chukua. Lakini nilipokwambia hapana, ujue nilikuwa na sababu zangu."

Namsifu alizipeleka disketi kwa Bwana Kajiru, katibu wa usharika, mlinzi wa kompyuta ile yenye kitambaa. Kajiru alinawa mikono, akafunua kitambaa, akasukuma disketi. Kompyuta ikakoroma, ikafikiri, ikaitema.

"Haielewi," alisema Kajiru. "Kompyuta ya babu yako ilikuwa ya kabila jingine. Ubongo wake unasema lugha nyingine. Ni kama kumhubiria Mpare kwa Kichina. Anasikia sauti, lakini haongoki."

"Na ya kabila la babu inapatikana wapi?"

"Labda Dar es Salaam."

Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaruka. "Ukoo wangu haupandi basi! Ukipotea huko nani ataurudisha?"

Namsifu alitoka nje. Wanakwaya walikuwa wanamaliza mazoezi, Mchungaji akiwa kati yao. Akapanda ngazi ya kanisa, yeye mwenye maneno machache, akapaza sauti: "Mbele ya Mchungaji naapa. Atakayefanya ile kompyuta isome ukoo wa babu yangu, mtoto wangu wa kwanza atamwita jina analotaka!" Watu wakapiga vigelegele. Kumpa mtoto jina si jambo dogo. Jina ni la maisha.

Wa kwanza kuja alikuwa Mwalimu Eliamani, aliyefundisha fizikia na kuvaa tai hata akienda kuchota maji.

"Namsifu, hatuhitaji kompyuta ya pili," alisema. "Tunahitaji ubongo wa pili. Nilisoma katika jarida: iko kadi, bapa kama daftari, ina prosesa yake. Unaichomeka ndani ya kompyuta ya kabila hili, nayo inaanza kuelewa lugha ya kabila lile. Mwili mmoja, bongo mbili."

Kijiji kilicheka wiki nzima. Watoto walimfuata wakiimba, "Mwalimu bongo mbili! Mwalimu bongo mbili!" Mkuu wa shule alimuuliza kwa upole kama anapata usingizi. Lakini Mwalimu hakunyamaza. Alichora ile kadi ubaoni, kijani, yenye mistari ya fedha na meno ya dhahabu upande mmoja, na Namsifu akainakili kwenye karatasi ya kukatia nguo, akazunguka nayo nyumba kwa nyumba.

Nyumba ya kumi na tisa ilikuwa ya Bibi Nakijwa, mjane. Namsifu alinyanyua macho tu, akaiona ukutani, kwenye fremu ya kioo, imevalishwa taji la maua ya plastiki.

"Bibi, ile ni nini?"

"Ni Ulaya," alijibu Bibi Nakijwa. "Mwanangu Ombeni aliniletea kabla hajarudi huko. Ni picha ya mji wake, imepigwa kutoka juu. Hiyo kijani ni majani. Hizo za fedha ni barabara. Hizo nyeusi ni maghorofa. Hili kubwa la katikati ndilo analofanyia kazi. Miaka tisa hajaandika barua, lakini kila asubuhi namwamkia hapo."

Namsifu alikaa chini, akaeleza yote polepole, akilia kidogo. Bibi Nakijwa alimsikiliza, akainuka, akaushusha mji wake ukutani, akaupangusa kwa kanga.

"Kwa hiyo si Ulaya," alisema.

"Hapana, Bibi."

"Chukua. Na hii disketi iliyokuwa nyuma ya fremu, sijui ni ya nini."

Mwalimu Eliamani alipoiona alirukaruka mpaka tai ikampiga usoni. Disketi ile ndiyo ya kuiamsha kadi!

Siku ya Jumamosi, ofisi ya usharika ilijaa watu mpaka madirishani. Mwalimu alishika bisibisi, akaigeuzageuza, akairudisha mezani. "Mimi," alikiri, "ni mtu wa nadharia."

Macho yote yakamgeukia Bwana Kajiru. Miaka kumi na moja hakuwahi kuruhusu hata nzi atue juu ya kompyuta ile. Ilikuwa mali ya dayosisi. Ikiungua, kazi yake inaungua nayo, na nyumba ya kazi, na heshima.

"Kama ni kosa, ni langu," alisema Kajiru. Akachukua bisibisi, akafungua. Akaona tundu refu lenye upana wa meno ya kadi. Akafumba macho, akasali sala fupi, akasukuma. Krak! Wanawake wawili wakapiga ukelele. Kajiru akawasha.

Kompyuta ikatoa harufu ya vumbi la moto. Mwalimu akaipa disketi ya Bibi Nakijwa, kisha zile za mzee. Kioo kikawa cheusi, ti! Kisha yakatokea maandishi meupe, na jina la Mzee Senzota juu kabisa. Kajiru akabonyeza vitufe viwili, zikarudi hesabu za sadaka. Akabonyeza tena, akarudi mzee. "Kaenda! Karudi!" alipiga kelele, na watu wakamwomba aache mchezo asome.

Akasoma kwa sauti ya kanisani: "Bibi hawa wawili si ndugu wa damu. Walibatizwa siku moja, wakasimamiwa na mama mmoja wa ubatizo, ndiyo maana waliitana watoto wa mama mmoja."

Namsifu alimrukia Kiangi shingoni mbele ya Mchungaji. Katika kelele zile, Kajiru, ambaye hakujua kuacha kusoma akishaanza, aliendelea: "Nakiete binti Senzota, amezaliwa mwaka wa thelathini na tatu."

Shangazi Nakiete alikuwa amewaambia watu wote, pamoja na mume wake, kwamba alizaliwa mwaka wa arobaini na mbili. Mume wake alianza kuhesabu kwa vidole. Kikamsalia kimoja.

Ndoa ikafungwa. Baada ya mwaka mmoja Namsifu akajifungua mtoto wa kike. Siku ya ubatizo ilipofika, alikuta watu wanne wakimsubiri mlangoni mwa kanisa.

"Ataitwa Eliamani," alisema Mwalimu. "Nisingesema kuna kadi, nani angeitafuta? Nilichekwa peke yangu, na mpaka leo wanafunzi wananiita Bongo Mbili."

"Ataitwa Ombeni," alisema Bibi Nakijwa. "Maneno ya Mwalimu yalikuwa chaki tu. Kadi ilikuwa yangu, na imebaki humo kwenye kompyuta. Nilitoa picha ya mwanangu. Nirudishieni hata jina lake."

"Ataitwa Kajiru," alisema katibu. "Walijua, walikuwa nayo, lakini nani alisukuma? Ingeungua, leo ningekuwa nalala wapi?"

"Mtoto wa kike aitwe Kajiru?" Kiangi alishangaa.

"Atazoea."

"Ataitwa Nakiete," alisema Shangazi. "Mnanitazama nini? Ndiyo, pingamizi lilikuwa langu. Lakini ningezitia disketi motoni, mngesoma nini? Nilijua umri wangu umo humo, na bado nikatoa kopo. Hawa walitoa vitu. Mimi nilitoa miaka tisa."

Namsifu aliwatazama wote wanne, na kila aliyemtazama alimwona ana haki. Akaingia ndani na mtoto wake, nao wakamfuata mpaka kwenye birika la ubatizo. Mchungaji akachota maji kiganjani.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Wakajibu wanne kwa mpigo, na mtoto akaanza kulia. Mchungaji akainua mkono wanyamaze. "Namuuliza mama," alisema, huku maji yakimvuja vidoleni.

Haya, jamani mliokaa hapa, semeni upesi, maji yanakwisha kiganjani: aliyejua, aliyekuwa nayo, aliyethubutu, au aliyeaibika? Je, nani alistahili kumpa mtoto jina?