Pikapu Iliyooshwa Free Area

Mtu akifariki, umati huona sanda. Aliyemmwagia maji ndiye huona kovu, kidonda na yote aliyoyaficha marehemu enzi za uhai wake. Ndiyo maana wahenga wakasema kwamba aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Wengi huikariri methali hii wakidhani inahusu wafu tu. Muturi Kihara naye alidhani hivyo, na alikuwa mzee wa kanisa aliyepaswa kujua zaidi.

Muturi alikuwa mkulima wa viazi huko Mau Narok. Ardhi ya huko haina choyo, lakini kwa miaka mitatu mfululizo alikuwa akiwauzia madalali viazi vyake kwa bei ya kutupa kwa kuwa hakuwa na gari la kuvifikisha sokoni Nakuru. Mkewe, Waithera, alichoka kuona jasho lao likiliwa na watu wasioshika jembe. Akakubali ng'ombe wake wawili wa maziwa wauzwe ili wanunue pikapu. Ng'ombe hao aliwalea tangu wakiwa ndama, na karo ya watoto ilitoka viweleni mwao. Alipomkabidhi mumewe fedha hizo alimwambia jambo moja tu: "Baba Wariara, nenda na fundi."

Muturi hakwenda na fundi. Alikwenda na suti. Ujanani aliwahi kuwa utingo wa lori huko Rongai kwa miezi minane, na tangu hapo hakuna injini iliyonguruma kijijini bila yeye kuitolea hukumu.

Pikapu yenyewe ilikuwa Free Area, mtaa wa Nakuru ulio kando ya barabara ya Nairobi, mikononi mwa kijana nadhifu aitwaye Maxwel. Ilikuwa kuukuu, ya dizeli, na ilikuwa imegeuzwageuzwa hata walioiunda wasingeitambua. Springi zilikuwa zimeinuliwa, magurudumu yalikuwa mapana ya kukanyagia tope, na bodi ya nyuma ilikuwa imerefushwa ibebe magunia zaidi. Muturi aliitazama mate yakamjaa kinywani. Maxwel akaagiza ioshwe kwanza ili mteja aione vizuri, kisha akaenda kibandani kwake kuleta karatasi za gari.

Aliyeiosha alikuwa mwanamke aitwaye Nasimiyu. Alipiga maji chini ya gari kwa muda mrefu, akainuka, akatazama huku na huku, akamsogelea Muturi kana kwamba anatafuta kitambaa.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "lala chini uangalie hapo katikati. Hii gari imeungwa. Mimi huambiwa niipake oili chafu ndio isionekane. Lakini tafadhali, usiseme ni mimi."

Muturi alitazama chini. Tope lilikuwa limetapakaa, na suti ilikuwa ile ya Jumapili. Tena hakupenda kufundishwa habari za magari na mwanamke mwenye povu hadi viwikoni. Maxwel aliporudi, Muturi hakuinama hata kuchungulia. Aliuliza kwa sauti, mbele ya wauzaji wengine waliokuwa wameketi hapo: "Huyu mama anasema gari yako imeungwa. Ni ukweli?"

Maxwel hakutetereka. Alimgeukia Nasimiyu. "Mathe, wewe ni fundi wa chasisi ama wa sabuni?"

Wauzaji wakaangua kicheko. Muturi naye akacheka, tena akacheka kuwashinda wote, asije akaonekana mshamba. Nasimiyu aliinamisha kichwa, akaendelea kusugua gurudumu. Kabla ya saa saba mchana, ng'ombe wa Waithera walikuwa wamekwisha kugeuka pikapu.

Jumapili hiyo mchungaji aliliombea gari, akina mama wakalizunguka kwa nyimbo, na Muturi akasimama kando yake kifua mbele. Safari ya kwanza ya sokoni walipakia magunia ishirini, Waithera akaketi mbele na mumewe. Walipokuwa wakiteremka kuelekea Njoro ulisikika mlio kama wa gogo linalovunjika. Gari lilipinda katikati, bodi ikakaa barabarani, viazi vikabingirika hadi mtaroni. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Fundi aliyeitwa alilala chini, akakwangua oili kwa bisibisi, na mshono wa kuchomelea ukajitokeza toka upande hadi upande.

"Hizi ni gari mbili, mzee," alisema. "Hata mwenye kuiosha angekuambia."

Waithera alimkazia mumewe macho, akamwuliza kama kuna mtu aliyemwonya. Muturi alijibu kwamba kulikuwa na mama mmoja aliyenong'ona jambo, ila hakumsikia vizuri. Uongo huo ulimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Kesho yake walishuka pamoja hadi Free Area. Maxwel alikuwa amehama na simu yake haikupatikana. Nasimiyu naye hakuwepo. Muuza mahindi aitwaye Edinah ndiye aliyewaeleza kwamba wauzaji walimlalamikia mwenye pahali pale, wakidai mwosha mwenye mdomo huharibu biashara. Nasimiyu akafukuzwa jioni ya siku ileile pikapu ilipouzwa.

"Kuna mteja alimchoma, akasema maneno yake mbele ya watu," Edinah alisema, bila kumtambua Muturi ndani ya koti lake la shamba. "Na ako na watoto watatu, hana mtu wa kumsaidia."

Waithera alisonya. Muturi akajifanya anatazama magari.

Kwa maelekezo ya Edinah, walimkuta Nasimiyu kwenye ua wa nyumba za kupanga, akifua nguo za watu kwa kibarua. Waithera alimsalimu, akamshukuru kwa kujaribu kuwaokoa, kisha akauliza lile lililokuwa likimkereketa tangu walipoachana na Edinah.

"Mama, niambie ukweli. Mwenye alikuchoma ni huyu mzee wangu?"

Nasimiyu alimtazama Muturi. Muturi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijua kwamba mwanamke yule alikuwa na kila haki ya kusema, na kwamba yeye ndiye aliyepaswa kumtangulia. Akaanza kufunga vifungo vya koti lake.

"Hapana, mama," Nasimiyu alisema, akirudisha mikono kwenye karai. "Huyu hata hakunicheka kama wale wengine. Ilikuwa mteja mwingine."

Waithera alishusha pumzi. Alimwachia Nasimiyu mfuko wa viazi vilivyookotwa mtaroni, kisha akamshika mumewe mkono kwa upole ambao hakuwa amemwonyesha tangu ajali. Njiani alimwambia kwamba ng'ombe watapatikana tena Mungu akipenda, maadamu hakumdhulumu mtu. Muturi aliitikia kwa kichwa. Kila neno zuri la mkewe lilimchoma kuliko tusi.

Miezi imepita. Waithera huwasimulia wenzake kanisani jinsi mumewe alivyotapeliwa, na humalizia kwa kusema kwamba angalau mzee wake si mtu wa kumcheka mnyonge. Muturi huketi kwenye kiti cha wazee, kichwa ameinamisha, na waumini hudhani anaomba. Anayejua kinachomwinamisha ni mtu mmoja tu, naye yuko Free Area akifua nguo za watu. Hakika, aibu ya maiti aijuaye ni mwosha.