Mtoto wa Mstari Mwekundu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mimi natoa hadithi, jibu mtatoa nyie, maana mimi limenishinda.

Zahanati ya Mbwinde ilikuwa na wanawake watatu kwenye stoo ya dawa. Asumini alijaliwa macho: ile tarehe ya kuisha muda wa dawa, inayoandikwa kwenye kichupa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, yeye aliisoma bila miwani. Chiku alijua kompyuta. Zawena alikuwa mbishi. Akitaka kitu haondoki.

Asumini alisoma vichupa vyote mpaka machozi yakamtoka, akaziingiza tarehe zake kwenye jedwali la kompyuta.

Chiku akaiagiza kompyuta: linganisha kila tarehe na ya leo, iliyopita ipake nyekundu. Ikatii. Ila alisahau kuiambia iruke nafasi tupu, na kompyuta patupu inapaona kama siku ya zamani sana. Mistari yote isiyo na kitu ikawa nyekundu.

"Chiku wewe, umechinja kuku humo?" Asumini akacheka. Mganga wa zahanati akachungulia, akacheka naye, akaenda zake.

Zawena hakucheka. Alipekua ule wekundu mstari kwa mstari, akakuta mmoja wenye jina: sindano ya kuzuia damu kwa mzazi. Muda wake umepita. Akapanda pikipiki hadi stoo ya wilaya.

"Njoo kesho, mama," akaambiwa na mtunza stoo.

"Kesho nitakuwa hapahapa. Nileteeni mkeka."

Wakampa.

Sindano mpya ziliingia asubuhi. Mchana mama mmoja, Siwema, akajifungua binti, damu ikakataa kusimama. Wale watatu walikuwa nje ya mlango pamoja na Mfaume, mume wa Siwema. Macho hayakuwa na cha kusoma. Kompyuta haikuwa na cha kulinganisha. Mbishi hakuwa na wa kubishana naye.

"Jamani, nifanye nini?" Mfaume aliuliza.

Ndani, nesi alichoma ile sindano mpya. Damu ikasimama. Siwema akapona, ila kizazi kilikuwa kimeumia, akaambiwa ukweli: hatazaa tena.

Ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Kwao mtoto hupewa jina la mtu mmoja, naye huwa somo wake, mama wa pili. Watatu wote wakaitwa.

"Bila macho yangu, kompyuta ingelinganisha nini?" akasema Asumini.

"Na bila rangi yangu ungejuaje, wewe uliyekaa unacheka?" akajibu Chiku.

"Rangi gani, shoga? Iliyopaka mpaka hewa?" Zawena akadakia. "Sindano niliileta mimi."

Mfaume akamgeukia mama yake. "Mama, tumpe majina yote matatu?"

"Somo ni mmoja, mwanangu. Siku wakikosana, mtoto akimbilie kwa nani?"

Wote wakamtazama Siwema. Alimkumbatia mtoto, machozi yanamtoka.

"Nikimchagua mmoja, nimewatupa wawili walioniokoa. Na mtoto mwingine wa kuwapa sina, na sitampata."

Akainamisha kichwa. Wali ukapoa kwenye sinia, hakuna aliyenyoosha mkono, na binti yule hadi sasa anaitwa "mtoto" tu.

Asumini, Chiku au Zawena? Haya, ninyi mnaonisikiliza: angekuwa amelala mapajani mwako, ungemwita nani?