Ndege ya Mzee wa Chumba cha Uani

Wapendwa, palikuwa na mtu mmoja ambaye baba yake, enzi za ujana wake, aliunda kindege cha waya. Mmewahi kuviona? Ni vya mbao nyepesi na karatasi, vina injini ndogo. Mrushaji husimama katikati ya uwanja ameshika nyaya mbili, na kindege humzunguka kikinguruma. Kile cha mzee kiliungua zamani, ikabaki picha.

Mwana akaazimia kukiunda upya, kifanane na cha kwanza bila kasoro. Akasaka gundi ya kizamani, akaagiza injini ya miaka ileile. Rangi nyekundu aliipaka na kuikwangua, akaipaka tena, hadi moyo ukatulia. Watu wakasema, huyu kweli anamheshimu babaye.

Na babaye alikuwa hai, wapendwa. Alikaa chumba cha uani, mikono inamtetemeka. Siku moja alijikongoja hadi karakana, akaomba apake gundi japo kijiti kimoja cha bawa.

"Utaharibu, baba," mwanawe akamwambia. "Nataka kiwe kama ulivyokiunda wewe."

Mzee akakirudisha kijiti mezani, akaenda zake. Mwana alisikia kitu kikimchoma, ila kazi ilikuwa nyingi, akasahau.

Siku ya maonyesho kindege kikapaa. Mwana akasimulia habari za babaye mpaka watu wakafuta machozi. Mgeni mmoja akauliza kama mzee yu hai, akaomba aende kumpa mkono. Angekataaje mbele za watu? Wakaenda, wakamkuta ameketi kitandani, chai imepoa pembeni.

"Hongera, mzee," mgeni akasema. "Mwanao amekipatia, au siyo?"

"Sijui, baba," mzee akajibu taratibu. "Sijaonyeshwa."

Mwana akageukia dirishani.

Sasa sisi je? Tumekuwa hodari wa kuenzi. Tunamuenzi mtu angali anapumua, ili asitusumbue. Yuko mama benchi la nyuma pale, msigeuke kumtazama. Matofali ya jengo hili aliyabeba kichwani mwake. Kamati imepitisha jina lake liandikwe ukutani, tena kwa rangi ya dhahabu. Nawauliza ninyi mliopitisha: ni nani kati yenu anayejua mama huyo jana alikula nini?