Wiki Moja ya Nyanjige

Hapo zamani, si zile za sungura na fisi, zamani za juzi tu, simu zilikuwa zimeshaingia mifukoni mwa watu lakini nchi ilikuwa bado kubwa vilevile. Katika mashamba ya chai ya Mufindi aliishi mchumaji mmoja, jina lake Nyanjige.

Chai haina huruma, jamani. Ikichipua, hutoki shambani hata ukifiwa. Ila kipupwe kikiingia, baridi ikauma mpaka mifupani, majani husinzia na mnyapara hulegeza kamba. Hapo wachumaji hupewa likizo ya wiki moja, basi. Wa karibu huenda kwao wakarudi wamenenepa. Wa mbali huimaliza wiki barabarani.

Nyanjige alikuwa wa mbali. Tena alikuwa wa mbali mara tatu, kwa sababu watu wake watatu walikaa pembe tatu za nchi, na ukienda kwa mmoja, wiki imekwisha.

Wa kwanza alikuwa Ukerewe, kisiwani: Mama Kabula, mke wa marehemu baba yake. Huyu ndiye aliyemuuguza baba peke yake, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kwa kijiko, mpaka akamfumba macho. Nyanjige hakufika mazikoni. Chai ilikuwa inachipua. Na katika ukoo wao, kaniki ya mjane, ile nguo nyeusi ya msiba, huvuliwa na mtoto wa kwanza wa marehemu, naye ndiye Nyanjige, si mwingine. Asipokuja, mjane haendi sokoni, wala havuki kizingiti cha jirani. Mama Kabula alipiga simu akasema, "Mwanangu, mwaka mzima nipo ndani ya nguo hii. Baba yako alishakufa, mimi bado. Njoo unitoe."

Nyanjige akajibu, "Mama, kipupwe nakuja."

Wa pili alikuwa Pangani: Bi Somoe. Nyanjige alipelekwa kwake akiwa binti mdogo, kufanya kazi za ndani. Bi Somoe akamtazama, akamwondolea ufagio mkononi, akampa kitabu. Akamlaza kitanda kimoja na wanawe, akamfundisha kusoma na kushona, na pale watu walipouliza, "Huyu ni mtumishi wako?" yeye alijibu, "Huyu mwanangu, nimemzaa kwa macho." Sasa macho yenyewe yalikuwa yanaingia giza. Mwanawe Twalibu alitaka kumvusha Unguja akapasuliwe, na daktari hakuficha: huenda nuru ikarudi, huenda ikazimika moja kwa moja. Bi Somoe akakataa katakata. Akapiga simu akasema, "Mwanangu we, siendi kwa kisu kabla sijakuona. Ikizimika, izimike nikiwa nimeshakuona. Twalibu ananigombeza kila siku. Njoo basi."

Nyanjige akajibu, "Mama, kipupwe nakuja."

Wa tatu alikuwa Sumbawanga: Editha, binti yake wa kumzaa. Ndoa ilipovunjika, mtoto alibaki kwa babu na bibi, upande wa baba. Mwaka uliopita wenzake wote walipokea Komunyo ya kwanza. Editha aligoma. Padri alimbembeleza, bibi alimfinya, wapi! Akasema shela yake atafungwa na mama yake tu. Wenzake walipita mbele wamevaa meupe, yeye akabaki ameketi benchini na gauni la kila siku. Mwaka huu, Jumapili ya likizo ndiyo Jumapili yenyewe. Mtoto akaomba simu ya babu yake, akasema, "Mama, kuna mama mwingine hapa, mke wa baba, anasema anaweza kunifunga yeye. Nimemwambia asubiri, wewe unakuja. Unakuja?"

Nyanjige akajibu, "Mwanangu, kipupwe nakuja."

Msimwite mwongo. Mwongo husema asilolitaka, na Nyanjige aliyataka yote matatu. Kila alipojibu, alijiona yuko njiani. Shambani, kapu mgongoni, alikuwa anavuka ziwa, anapigwa na joto la Pangani, anashika kichwa cha mtoto wake, yote kabla kapu halijajaa. Alikuwa na hamu nao, hamu ya kumkosesha chakula. Lakini mshika mbili moja humponyoka. Yeye alishika tatu.

Siku ya likizo alifika stendi ya Mafinga, mfuko begani. Wapiga debe wakamzonga. "Dada, Mbeya, Sumbawanga hiyo!" "Dada, Dodoma mpaka Mwanza!" "Tanga, twende Tanga!" Akakaa juu ya mfuko wake akalia. Kisha akafanya alilopaswa kulifanya mapema: akawapigia wote watatu, akasema kweli.

Mama Kabula akasema, "Kumbe una mtoto anayekungoja? Nenda kwa mtoto. Nguo ni nguo tu, nimeizoea."

Bi Somoe akacheka, akasema, "Mjane hawekwi ndani mwaka mzima, ni dhambi. Nenda ukamtoe. Mimi sura yako naijua hata gizani."

Editha akasema, "Nenda kwa anayelia, mama. Mimi silii." Lakini Nyanjige aliisikia pumzi yake ikikatika, halafu babu akachukua simu.

Basi la kwanza likawasha injini. La pili likawasha. La tatu nalo. Wiki ilikuwa imeshaanza kupungua. Nyanjige akasimama, akafuta uso kwa khanga, akatembea kuelekea kwenye basi moja, akaweka mguu kwenye ngazi.

Lipi? Mimi nimefika hapo, nyinyi malizieni. Mjane aliyebaki ndani ya msiba, akasema nguo ameizoea? Bi Somoe aliyeyaweka rehani macho yake, akasema aende kwa mwingine? Au mtoto aliyekataa kufungwa shela na mkono mwingine, akasema halii? Je, nani alistahili wiki ile? Na ukishamtaja, usiinuke kwanza: wale wawili waliobaki bado wameshika simu, je, utawaambia nini?