Pikipiki ya Bi Naelijwa na Mzinga Mmoja wa Nyuki

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana lami ilikuwa imekwisha kufika mjini ila ilikuwa haijakubali kupanda mlima, paliishi mwanamke mmoja wa Kipare jina lake Naelijwa. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule ya sekondari, mfupi wa miguu, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa. Kijiji chake kiliitwa Isemba, upande wa mlima unaotazama mawio. Upande wa pili, unaotazama machweo, aliishi pacha wake, Nambike.

Nambike alikuwa amechumbiwa. Alikuwa amechumbiwa kwa miaka mitatu, na harusi yake ilikuwa imeahirishwa mara nne, na mara zote nne sababu ilikuwa moja: Naelijwa hakufika. Nambike aliapa kwamba hataingia kanisani mpaka pacha wake asimame kuliani kwake. Kwa hiyo kila mara bwana harusi, mrina asali mmoja mpole aitwaye Elineema, alivaa suti, akasubiri hadi saa kumi, akavua suti, akarudi kwenye mizinga yake.

Na Naelijwa hakufika kwa nini? Kwa sababu alikuwa anatapika. Akipanda basi, alitapika kabla basi halijaondoka. Akipanda gari dogo, alitapika mlango ukifungwa. Bodaboda wote wa Isemba walimjua. Wakimwona anakuja kijiweni, waliwasha na kutawanyika. Na kwa miguu, njia ya msituni ilikuwa mwendo wa siku nzima, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kumwambia kwamba hayaendi.

Siku moja mganga wa zahanati akamuuliza, "Mama, umewahi kuona dereva anatapika?"

Naelijwa akafikiri sana. Hakuwahi.

"Basi endesha mwenyewe," akasema mganga, akaita mgonjwa mwingine.

Harusi ya tano ilikuwa imepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa. Mchungaji alikuwa ametuma salamu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho. Akiitangaza ndoa hiyo mara ya sita, waumini watacheka, na wakicheka yeye naye atacheka. Naelijwa akateremka mjini, akaingia kwenye uwanja wa muuza pikipiki. Hakuwahi kushika hata usukani wa baiskeli.

Aliiona mara moja. Ilikuwa nyekundu, ndefu kama twiga mchanga, matairi yake yana meno, na kiti chake kilimfika kifuani.

"Ile pale," akasema.

"Mama, ile ni ya mashindano," akasema muuzaji. "Ina nguvu za kupita kiasi."

"Na mimi nashindana."

"Na nani?"

"Na mchungaji."

Muuzaji akaahidi kumwekea hadi Jumatatu. Jumatatu Naelijwa aliporudi, pikipiki nyekundu haikuwepo. Ilikuwa imenunuliwa na Bwana Kiure.

Huyo Kiure alikuwa jirani yake, mwenye mashine ya kusaga. Miaka saba nyuma Naelijwa alimshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba kelele za mashine yake zinawaharisha kuku. Mwenyekiti aliwakagua kuku, akaridhika, akaamuru mashine isage mchana tu. Tangu hapo Kiure hakumsamehe. Aliposikia Naelijwa ameitamani pikipiki nyekundu, aliiwahi, akaisukuma kwa mikono kutoka mjini hadi Isemba, kilomita kumi na nne za kupanda, kwa sababu hakujua kuiwasha. Akaiegemeza uani mwake, ikitazama dirisha la jiko la Naelijwa. Siku hiyo Naelijwa aliosha vyombo huku analia, na alipomaliza akaviosha tena.

Watu wawili walimhurumia. Wa kwanza ni fundi Mchomvu, anayetengeneza pikipiki sokoni. Wa pili ni wifi yake, Navoneiwa, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Wakateremka naye mjini.

Fundi Mchomvu alikuja na kamba. Alikuwa amempima Naelijwa urefu wa mguu juu ya ukuta wa kanisa, juu ya punda, na juu ya jeneza jipya la seremala, kwa kuwa, alisema, kimo chake kilifaa. "Mtu anayeanza hachagui rangi," akamwambia. "Anachagua kimo. Njia za mlimani utasimama kila mara, na ukisimama, nyayo zote mbili ziguse chini. Zisipogusa, shuka." Pale uwanjani palikuwa na pikipiki za porini kumi na sita. Naelijwa akapanda, akashuka, akapanda, akashuka. Kumi na moja zikakataliwa. Zikabaki tano.

Ndipo Navoneiwa alipokunja mikono ya gauni. Akaisogelea ya kwanza katika zile tano, akaisukuma, ikaanguka puu.

"Wewe mama," akasema muuzaji.

"Ataanguka," akasema Navoneiwa. "Kila anayeanza anaanguka. Msituni hakuna wa kumwinulia. Wifi, inua."

Naelijwa akainama, akavuta, ikamshinda. Navoneiwa akaangusha ya pili, ya tatu, na ya nne, zote zikamshinda. Muuzaji akakaa chini katikati ya mali yake. Ya tano ilikuwa ndogo, kuukuu, injini yake ndogo, rangi yake ya mboga iliyolala. Ikaanguka. Navoneiwa akamwonyesha: mpe mgongo, chuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani, mmoja chini ya kiti, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua kama unayerudisha kabati ukutani. Naelijwa akarudi nyuma. Pikipiki ikasimama.

Hakuipenda. Aliilipia akiwa ameangalia pembeni.

Wiki tatu akajifunza kwenye uwanja wa mpira wa shule. Siku ya kwanza alianguka mara kumi na tisa, na wanafunzi aliowapikia zamani, sasa walimu, wakaleta viti. Akajifunza kupiga kiki, akajifunza klachi, akajifunza kusimama juu ya vikanyagio penye mawe. Na yalikuwa kweli aliyoyasema mganga: hakutapika hata mara moja. Jioni ya Alhamisi aliiosha pikipiki yake ya mboga, kisha akaipangusa taratibu, na hakuangalia pembeni tena.

Ijumaa fundi na wifi wakapanda basi, wakauzunguka mlima, ili wamsubiri kanisani. Jumamosi asubuhi Naelijwa akavaa helmeti juu ya kilemba, gauni la harusi ndani ya suruali ya marehemu, akawasha. Hajafika mwisho wa kijiji, kitu chekundu kikampita kikimmwagia vumbi. Alikuwa Bwana Kiure. Naye alikuwa amejifunza, siku mbili, na alikuwa anawahi harusini ili awatangazie watu kwamba Naelijwa haji.

Naelijwa akafuata polepole. Akapita mashamba ya tangawizi, akaingia msituni. Njia ikawa nyembamba, mwamba kushoto, korongo kulia. Katikati ya hapo injini ikazima. Pikipiki ikainama upande wa korongo. Naelijwa akashusha mguu wa kushoto, ukagusa. Akashusha wa kulia, ukagusa, vidole vikiwa kwenye ukingo wenyewe, kokoto zikiporomoka chini asizisikie zinapofikia. Akakaa hivyo kitambo kirefu, anahema tu. Kisha akapiga kiki.

Akafika kwenye kijito. Tairi la mbele likakanyaga jiwe lenye utelezi, na mara akawa amelala majini, pikipiki juu ya mguu wake. Akaita. Nyani wakamjibu, kisha wakanyamaza. Akajivuta, akatoka, akaipa pikipiki mgongo, akachuchumaa, akarudi nyuma. Ikasimama. Akaikung'uta maji, akajikung'uta maji, akaendelea.

Kwenye kona kali ya mwisho kabla ya kilele akasikia sauti kutoka kwenye migomba mwitu.

"Naelijwa, ni wewe?"

"Ni mimi."

Kiure alikuwa amekaa kwenye migomba kama aliyewekwa, bega lake limeteguka. Mbali chini korongoni ile nyekundu ililala chali, magurudumu juu.

"Nilifungulia moto kidogo tu," akasema Kiure. "Kidogo tu. Ikaruka. Mimi mrefu, nikajirusha upande huku, mguu ukapata ardhi. Umeiona pikipiki yako?"

"Si yangu. Ni yako."

"Ingekuwa yako," akasema Kiure, na wote wawili wakatazama chini, wakatazama miguu mifupi ya Naelijwa, wakatazama chini tena.

"Panda," akasema Naelijwa.

Kwa ajili ya bega, Kiure alikaa juu ya madigadi ya nyuma akiwa ameangalia walikotoka. Mwinuko wa mwisho ulikuwa wa tope. Tairi la nyuma likaanza kuteleza, likazunguka bure, kisha kwa uzito wa Kiure likang'ata, wakapanda, wakafika kileleni, wakaanza kuteremka upande wa machweo. Kiure alitapika mara nne. Naelijwa hakutapika.

Kanisani ilikuwa saa tisa na dakika arobaini. Mchungaji alikuwa amefunga kitabu. Elineema alikuwa amefungua kifungo cha kwanza cha koti. Nambike alikuwa amesimama mlangoni, pale pale aliposimama tangu asubuhi, na alipoiona ile pikipiki ya rangi ya mboga ikitokea kwenye mahindi alisubiri mpaka ilipozimwa.

"Umechelewa," akasema.

"Miaka mitatu," akasema Naelijwa.

Nambike akamvua helmeti, akamnyoosha kilemba, akaufuta uso wake kwa shela. Wakaingia, Naelijwa kuliani kwake, viatu vinatoa maji. Ndoa ikafungwa, na hakuna aliyecheka, hata mchungaji.

Kwenye karamu, bega la Kiure likiwa limekwisha kurudishwa na kufungwa kwa tai ya bwana harusi, na Naelijwa akiwa amekwisha kuwasimulia watu yote ya njiani, Elineema alisimama. Alikuwa amebeba mzinga mmoja, umezibwa kwa majani, nyuki wakivuma ndani. "Huu ndio mzinga wangu bora," akasema. "Nampa mtu aliyemchagulia shemeji pikipiki ya kumfikisha hapa. Asali inagawanyika. Nyuki hawagawanyiki. Kwa hiyo ni mtu mmoja."

Fundi Mchomvu akasimama. "Asante, Bwana Elineema. Pale ukingoni ilipozima, ni nini kilichomshikilia? Nyayo zake mbili chini. Nani alisema nyayo ziguse? Ni mimi. Kumi na moja nilizikataa kwa kamba hii. Kama si mimi, angekuwa korongoni. Basi mzinga ni wa nani?"

Navoneiwa akasimama. "Pale kijitoni nyayo zake ziligusa chini, na kichwa chake nacho kiligusa chini. Kamba ilimsaidia nini? Aliinuka kwa sababu aliweza kuinua. Fundi, wewe uliacha tano, na nne kati ya hizo zingemlalia hadi leo. Iliyobaki moja niliibakiza mimi. Kama si mimi, angekuwa majini. Basi mzinga ni wa nani?"

Watu wakadhani yamekwisha. Kiure akasimama, mkono mmoja kifuani.

"Fundi alishauri baadaye. Wifi aliangusha baadaye," akasema. "Mwanzoni kabisa Naelijwa alikuwa amekwisha kuchagua. Alichagua ile nyekundu, na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo. Aliyeiondoa mbele yake ni mimi. Nimeilipia, nimeisukuma kilomita kumi na nne, na kwenye ile kona nimeanguka mahali ambapo angeanguka yeye. Na pale kwenye tope, uzito ulikuwa wa nani?"

"Uliinunua kwa chuki," akasema Navoneiwa.

"Kwa chuki, ndiyo. Sikatai. Lakini korongo halikuuliza niliinunua kwa nini. Kama si mimi, leo hapa ni matanga. Basi mzinga ni wa nani?"

Elineema akamgeukia Naelijwa. "Shemeji, aliyepanda ni wewe. Sema wewe, na usichelewe. Mzinga huu lazima utundikwe kabla jua halijazama, na lazima nijue ni kwenye mti wa nani."

Naelijwa akamtazama fundi, akazikumbuka kokoto zile zisizosikika zinapofikia. Akamtazama wifi yake, akakumbuka uzito juu ya mguu na maji yanayopanda shingoni. Akamtazama Kiure, na hapo ndipo alipokwama, maana alijua moyoni mwake kwamba Kiure hakumtakia mema hata siku moja, na alijua vilevile kwamba ile kona, juu ya ile nyekundu, asingeipita.

Jua nalo linashuka, na nyuki wanaanza kuchoka kusubiri. Mnaonisikiliza, msaidieni mama huyu: aliyempimia mguu, aliyemwangushia pikipiki, na aliyemwibia tamaa yake kwa chuki, ni yupi kati yao anayestahili kuondoka na mzinga?